Bahari Iliyokupwa Malishoni

Jumanne, tarehe tisa Mei. Asubuhi ilikuwa ya ukungu mzito na manyunyu, na upepo ulitoka kusini. Manyunyu yalikuwa yetu. Jumanne na tarehe tisa Mei zilishuka melini pamoja na Kamanda, zikiwa kavu kabisa, maana zilikuwa zimefungwa vizuri sandukuni. Kabla ya hapo sisi tulikuwa na asubuhi tu. Nawashukuru walioileta tarehe, kwa sababu bila hiyo nisingeweza kusema leo ni siku gani hasa nchi yetu ilianza kuwa bahari.

Meli zilikuwa za Kampuni, na Kampuni ilitoka Uholanzi, nchi ambayo Mwenyezi Mungu aliiumba chini ya maji na wenyewe wakamsaidia kuitoa. Mkuu wao aliitwa Kamanda Hubrekt van Poldervaat. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ndefu, na alikuja kupanda kabichi. Mabaharia wa Kampuni walikuwa wakifa njiani kwa kukosa mboga, fizi zikiwaoza, na Mabwana Wakurugenzi walioko Uholanzi walimtuma aanzishe bustani kwenye rasi yetu ili meli zipitazo zipate kabichi. Nawaomba mlikumbuke neno hilo, kabichi, maana yeye mwenyewe halikumkaa kichwani kwa muda mrefu.

Siku ile dada yangu Sarisi alikuwa chemchemini akiwanywesha ng'ombe wake. Sisi ni Watu wa Chemchemi. Tunahama na malisho, lakini kiangazi kikikaza tunarudi pale, kwa kuwa maji mengine yote hukauka. Na tuna desturi moja: aliyetangulia chemchemini hanywi kabla hajamchotea kwa viganja vyake yule anayekuja nyuma. Hata kama ni adui. Ugomvi mtaumalizia mbali, mkiwa mmeshiba maji.

Kwa hiyo Kamanda alipotokea kwenye ukungu, buti zimejaa tope, Sarisi alichota maji kwa viganja akamnyooshea. Kamanda alivua kofia, akanywa, akajipangusa ndevu, akawageukia watu wake na kuhutubia:

“Kwa niaba ya Mabwana Wakurugenzi, napokea rasmi maji haya niliyokabidhiwa leo na mamlaka za hapa, pamoja na vyote vilivyo chini yake, juu yake na kandokando yake, nikiwapongeza wenyeji kwa moyo wao wa kujitolea!”

Dada alimgeukia Gorabi. Gorabi ni binamu yetu. Zamani alichukuliwa na meli iliyokuwa ikipita, akarudishwa baada ya miaka akiwa na suruali moja na lugha mbili, na tangu hapo yeye ndiye mkalimani wetu.

“Anasemaje?”

“Anasema asante.”

“Mbona ndefu?”

“Asante ya kwao ina mkia, dada. Tungoje tuone unaishia wapi.”

*

Siku chache baadaye Kamanda alipanda kilimani, akayatazama malisho yetu pande zote, akashuka amefadhaika. Alimwita Gorabi.

“Waulize, tuta la nchi hii liko wapi?”

“Tuta gani, Bwana Kamanda?”

“La kuzuia bahari! Ukuta wa udongo! Nani aliijenga nchi hii?”

Gorabi akatuuliza. Tukatazamana.

“Mwambie tuliikuta,” alisema dada.

Lazima nilieleze jambo hili kwa haki, maana nimefundishwa nisimshuhudie jirani yangu uongo. Huko kwao kila shamba lilipatikana kwa kujenga tuta la udongo, kuyafungia maji nje na kuyatoa yaliyosalia ndani. Ndani ya tuta ni nchi. Nje ya tuta ni bahari. Mtoto wao hulijua hili kabla hajaijua Sala ya Bwana. Basi mtu aliyelelewa hivyo akifika mahali pasipo na tuta, upeo wa macho yake, atasema nini? Alisema alichofundishwa. Alisema kwamba tumo baharini.

Baadhi ya mabaharia walinong'ona kwamba mbona miguu yao ni mikavu. Kamanda hakuwa mtu wa kudharau maoni, akaunda kamati. Kamati ilikwenda malishoni na kamba ya kupimia kina cha maji, ile yenye kipande cha madini mazito ya risasi nchani. Baharia mmoja aliirusha mbele, ikaanguka majanini. Akapaza sauti kama anavyofanya melini: “Kina, hakuna!” Wakasogea, akarusha tena. “Kina, hakuna!” Ng'ombe mmoja akaja kuinusa ile risasi, akaondoka. Walishinda hivyo mpaka saa ya chakula, kisha wakaketi, wakajadiliana, na mwenyekiti akasimama kutangaza matokeo.

“Kamati imejiridhisha kwamba bahari ipo. Kwa sasa imekupwa.”

Na kila mtu anajua kwamba maji yakikupwa hurudi. Hapo hapo Kamanda aliamuru kazi ya kabichi isimame na kazi ya tuta ianze.

Jioni Gorabi alitusimulia huku akicheka mpaka akaketi chini. “Enyi samaki wenzangu, habari za vilindini?”

Dada hakucheka. “Tuta watalijenga wapi?”

“Kuizunguka bustani yao.”

“Na chemchemi?”

Gorabi akaacha kucheka.

*

Tuta lilipokuwa likijengwa, lilifunguliwa darasa la jioni. Mwalimu wetu aliitwa Teunis. Kazi yake katika Kampuni ilikuwa mfariji wa wagonjwa: alikaa kando ya mabaharia waliokuwa wakifa, akawasomea zaburi, na kwa kuwa kabichi sasa zilichelewa, kazi haikumpungukia. Jioni alitufundisha kusoma katika ghala la mapipa. Mimi nilikuwa na mvi tayari. Jina langu la nyumbani lilimshinda kutamka, akaniita Yosia, nami nikalipenda. Kila aliyemaliza mistari yake alipewa kikombe kidogo cha pombe kali na kipande cha tumbaku. Mimi sinywi. Kikombe changu nilimpa Gorabi, na kwa sababu hiyo hakuna mtu katika nchi yetu aliyenihimiza kusoma kama yeye.

Nilijifunza mema mengi pale, na mpaka leo namwombea Mwalimu Teunis kila niamkapo. Jioni moja nilimwuliza kwa nini mabaharia wanaomwapia Mungu wakati wa dhoruba kwamba wataacha ulevi huonekana wamelewa mara tu wakifika pwani.

Mwalimu alijikuna shingo. “Hilo kwetu lilikwisha kuamuliwa, Yosia. Ahadi iliyotolewa baharini haimfungi mtu. Iliyosema ni hofu, si yeye. Ahadi inayofunga ni ile ya nchi kavu.”

“Na hiyo inafunga milele?”

“Inafunga maadamu udongo alioukanyaga mtu akiahidi ungalipo. Kwetu bahari hurudi ikameza shamba zima. Shamba likienda, maneno yaliyosemwa juu yake huenda nalo.”

“Na Mungu anasemaje, Mwalimu?”

“Soma mstari unaofuata.”

Niliusoma. Lakini lile jambo halikunitoka, nikamsimulia dada asubuhi alipokuwa akikamua, kama nilivyomsimulia kila somo.

“Watu hawa,” alisema, “wanaogopa maji kidogo na maneno yao wenyewe sana.”

*

Tuta lilikamilika mvua zilipokwisha. Lilikuwa tuta zuri, sina budi kukiri, refu kuliko mtu aliyepanda ng'ombe. Liliizunguka ngome, likaizunguka bustani, likaizunguka chemchemi. Kijito kilichotoka chemchemini kwenda pwani kilizibwa kwa mawe na udongo, kwa sababu kwao tundu katika tuta ni tundu, hata kama linatoa maji badala ya kuyaingiza. Siku ya uzinduzi bendera ilipandishwa, na Kamanda akahutubia akiwa juu ya tuta.

“Leo nchi imezaliwa! Nchi ni hii iliyo ndani ya tuta, na wananchi ni sisi tuliomo. Wale walioko nje tunawatambua kuwa ni viumbe wa baharini. Tutawalinda kwa sheria za bahari, kwa faida yao wenyewe, na ninawasihi waonyeshe utulivu wakati tukisubiri maji yao yarudi.”

Tulionyesha utulivu. Kisha kiangazi kikakaza, visima vya mbali vikawa matope, na Sarisi akaja na ng'ombe wake kunywesha kama alivyofanya mama yetu, na bibi yetu kabla yake. Mlinzi akamzuia langoni. Kamanda akaitwa, akaja na Mwalimu Teunis, na Gorabi akasimama katikati.

“Umefikaje hapa?” Kamanda aliuliza.

“Kwa miguu,” alisema dada. “Kwani ameona nimebebwa?”

Kamanda alibadilika rangi. “Kwa miguu! Juu ya bahari! Mwalimu, Maandiko yanamtaja nani aliyetembea juu ya bahari?”

Mwalimu alitazama viatu vyake. “Mwokozi, Bwana Kamanda.”

“Na nani mwingine?”

“Petro. Kidogo. Kisha akaanza kuzama.”

“Mwanamke huyu haonyeshi dalili yoyote ya kuzama. Maana yake anajifananisha na Mwokozi. Hiyo ni kufuru, na Kampuni haiwapi maji wanaokufuru.”

Neno lile lilinitia hofu ya kweli. Nilipiga magoti malishoni nikaomba nisamehewe kila hatua niliyotembea tangu utoto wangu. Nilipoinuka nilitambua kwamba ili nifike nyumbani ingenilazimu kutembea tena, nikapiga magoti mara ya pili.

Hata hivyo Kamanda hakuwa mtu wa kufunga njia zote. Alisema anayetaka kuingia nchini na aje kwa chombo, kama wote wanaotoka baharini. Gorabi alikwenda akabadilishana ndama wawili kwa mashua moja kuukuu ya Kampuni, iliyotoboka chini. Tukaifunga kwa maksai, tukaiburuta juu ya majani makavu. Dada aliketi ndani na kiriba chake, na Gorabi akawa anapiga makasia hewani ili mlinzi aone kazi inafanyika.

“Kaza mikono, nahodha!” dada alimkemea. “Unatupeleka kwenye miiba.”

“Mkondo ni mkali, bibie! Shikilia!”

Mlinzi alitupigia saluti, akauliza tumetoka bandari gani. Dada akajaziwa kiriba kimoja.

Lakini kundi halinyweshwi kwa kiriba kimoja, na ng'ombe hapandi mashuani. Hapa lazima mjue dada yangu alikuwa na nini cha kupoteza. Alikuwa mjane. Wanawe watatu waliishi kwa maziwa ya kundi lile, na kwetu mtu asiye na ng'ombe huketi nyuma ya wengine, akaongea baada ya wengine, na mwishowe haongei. Kiongozi wa kundi alikuwa ng'ombe mwekundu aliyeitwa Shangazi, kwa sababu wote walimtii na yeye hakumpenda yeyote. Shangazi alikuwa na mimba kubwa. Ulimi wake ulikuwa umeanza kukauka.

Kamati ikaketi tena. Iliamua kwamba ng'ombe naye ni chombo cha baharini: ana mbavu, ana tumbo la kubebea, na anaelea.

“Nani amemwona akielea?” aliuliza Gorabi kwa adabu zote.

“Kwa sasa maji yamekupwa,” alijibu mwenyekiti.

Kwa hiyo kila ng'ombe angeruhusiwa kuingia, mradi apeperushe bendera ya Kampuni kwenye pembe. Tulifurahi. Nilishukuru kwa sala ndefu. Bendera zikashonwa kwa kitambaa chembamba cheupe, tukazifunga kwenye pembe asubuhi moja mbele ya lango, na kundi zima likasimama likipepea kama sikukuu. Shangazi alimtazama jirani yake. Alikuwa hajala kitu kibichi kwa muda mrefu. Akanyoosha shingo, akaivuta bendera ya jirani yake, akaitafuna taratibu mpaka ikaisha. Wengine, kama kawaida yao, wakamfuata.

Kamanda alitazama kutoka juu ya tuta, mdomo wazi. “Wameishambulia bendera! Hawa ni maharamia!”

Na haramia, kwa sheria za bahari, hukamatwa pamoja na chombo chake. Lango likafunguliwa, kundi likaingizwa ndani, likafungiwa katika zizi chini ya ngome. Dada alikimbia nyuma yao mpaka mikuki ikamzuia kifuani.

“Mwambie wana kiu!” alimpigia Gorabi kelele. “Mwambie hawajui bendera, wanajua majani!”

Gorabi alisema yote. Kamanda alijibu kwa ufupi.

“Anasemaje?”

“Anasema maharamia wote husema hivyo.”

Dada aliketi chini ya tuta, upande wetu, mgongo ukiegemea udongo. Kutoka pale aliweza kumsikia Shangazi. Aliketi pale siku zote zilizofuata, na wanawe niliwalisha mimi kwa nilichopata.

*

Sasa niseme habari za chemchemi. Chemchemi haikuhudhuria kikao hata kimoja. Iliendelea kutoa maji kama ilivyoumbwa, na kwa kuwa kijito chake kilikuwa kimezibwa, maji yakabaki nchini.

Watu wa Kampuni walijua kila jambo kuhusu maji yanayotoka nje. Maji yanayotoka ndani hawakuyawazia. Kwanza bustani ikalainika. Kisha kabichi zikaanza kuelea, moja moja, kama vichwa vya watu waogeleao. Kamanda akasema bahari inapenya chini kwa chini, akaamuru lango lizibwe kwa udongo na tuta liongezwe kimo. Likaongezwa, na maji yakapata nafasi zaidi. Akaamuru kijengwe kinu cha upepo cha kuvuta maji, kama vya kwao. Kilikuwa kinu kizuri. Upepo wetu wa kusini ulikijaribu mara moja, ukaking'oa mabawa, ukayapitisha juu ya kambi yetu yakizunguka. Hicho ndicho chombo pekee kilichowahi kusafiri katika bahari ile bila kuulizwa bandari.

Niliendelea kwenda darasani kwa mashua yetu, ambayo tuliziba tundu lake tukaivusha juu ya tuta. Ndani ya ghala mapipa yalikuwa yakielea na kugongana, na Mwalimu Teunis alifundisha akiwa amekaa juu ya pipa moja, miguu mitupu. Nje, ardhi ilipasuka. Mbuzi walilamba mawe alfajiri kwa ajili ya umande. Ndani walikuwa wakizama, nje tulikuwa tukifa kwa kiu, na kati yetu hapakuwa na kitu ila udongo. Nilimweleza Mungu jambo hilo mara nyingi katika sala, kwa upole, nikidhani labda hajaliona vizuri.

Jioni moja Kamanda aliingia ghalani kwa mashua wakati tukisoma. Mwalimu akathubutu.

“Bwana Kamanda, tundu moja tu. Pale kilipokuwa kijito.”

“Atoboaye tuta hufukiwa hai ndani ya tundu lake,” alisema Kamanda. “Ndiyo sheria ya babu zetu. Utaanza wewe?”

Mwalimu hakuanza. Kamanda akabaki amesimama, akifikiri. Kisha uso wake ukang'aa.

“Lakini bahari hubomoa matuta kila mwaka,” alisema polepole, “na hakuna aliyewahi kuishtaki bahari. Wala viumbe vyake.” Akanigeukia mimi, akanitazama kwa mapenzi ambayo sikuwahi kuyaona kwake. “Wewe, Yosia. Wenzako wana majembe?”

*

Asubuhi tulikusanyika nje ya tuta, na majembe na maksai. Gorabi alipanda juu akachomeka vijiti viwili mahali pa kuchimba, pale kilipozibwa kijito. Upande wa ndani watu wa Kampuni walikuwa wameketi juu ya mapaa. Kamanda alikuja kwa mashua juu ya bustani yake, amesimama, kofia kichwani, Mwalimu Teunis akipiga makasia.

“Wapendwa viumbe wa baharini!” alianza. “Katika saa hii ya kihistoria, Kampuni inawapa heshima ya kutimiza wajibu wenu wa asili!”

“Anataka tumtobolee,” alisema Gorabi.

Dada alikuwa amekwisha kupanda juu ya tuta. Kutoka pale aliliona zizi. Maji yalikuwa yamefika vifuani mwa ng'ombe. Shangazi alikuwa ameinua kichwa, pua juu, hata kulia alikuwa ameacha.

“Mwambie ng'ombe wangu wanatoka leo,” alisema. “Mwambie tundu hili halizibwi tena. Kila kiangazi tunapita hapa na kunywesha, kwa miguu yetu, bila bendera. Aahidi hayo mbele ya watu wote, ndipo tutachimba.”

Gorabi alitafsiri. Kamanda hakusita hata kidogo. Aliweka mkono kifuani pale pale mashuani. “Naahidi! Yote! Naahidi kwa moyo mkunjufu!”

Watu wetu wakapiga vigelegele. Mimi niliinua mkono, kama tulivyofundishwa darasani.

“Samahani, Bwana Kamanda. Uko majini.”

Vigelegele vikafa. Mwalimu Teunis alitaka kutazama viatu vyake, lakini vilikuwa vimekwisha kuelea zamani.

“Ashuke,” alisema dada.

Kamanda alishuka. Alipanda juu ya tuta, akatazama kulia, akatazama kushoto. Ndani palikuwa maji. Nje, kwa sheria yake, palikuwa bahari iliyokupwa. Nchi kavu iliyobaki ilikuwa ule mstari wa udongo chini ya buti zetu. Kamanda alitembea juu yake kwa heshima, akapita hapa, akapita pale, mpaka akafika katikati ya vijiti viwili vya Gorabi. Akasimama hapo.

Nilimkaribia dada nikamnong'oneza: “Hapo ndipo pa kuchimbwa. Udongo ule utakwenda na maji, na ahadi itakwenda nao.”

“Najua. Ulinisimulia.”

Nilimwomba Kamanda, kwa unyenyekevu, asogee kidogo. Alisema Kamanda hasogezwi. Nikamtazama dada. Yeye alikuwa akilitazama zizi, ambako ng'ombe mmoja mdogo alikuwa ameteleza na hakuonekana tena. Hapakuwa na nafasi ya kubishana.

“Aseme,” alisema dada.

Kamanda akasema. Alisema kwa sauti kubwa, kituo kwa kituo, mkono juu, akataja ng'ombe, tundu, kiangazi na miguu, na watu wake wote juu ya mapaa wakasikia. Alipomaliza, dada alipiga magoti mbele yake. Kamanda akafurahi, akadhani anasujudiwa. Dada alipenyeza viganja vyake viwili mbele ya buti zake, akachota udongo pale alipokanyaga, kama alivyomchotea maji siku ile ya ukungu. Akauingiza wote katika mkoba mdogo wa ngozi uliokuwa shingoni mwake, akaufunga mdomo.

“Anafanya nini?” aliuliza Kamanda.

“Anasema asante,” alijibu Gorabi.

“Chimbeni,” alisema dada.

Tulichimba, na Kamanda asiyesogezwa akasogea mwenyewe. Maksai walivuta mawe, majembe yakaingia, na maji yakapata njia yao ya zamani. Kwanza yalipita kama kijito, kisha tuta likaanguka pande mbili kwa kishindo, na udongo wote uliokuwa kati ya vile vijiti ukaenda pwani pamoja na kabichi, kiti kimoja na viatu vya Mwalimu. Zizi likapungua maji. Wa kwanza kutoka alikuwa Shangazi, tope mpaka machoni. Alipita tunduni bila kumtazama mtu, na kundi likamfuata. Walikuwa wachache kuliko walioingia.

Kamanda alisimama ukingoni upande wa pili, akalitazama tundu. Mahali aliposimama akiahidi palikuwa hewa tupu na maji yakipita chini. Akaiweka kofia yake sawa.

“Kazi nzuri,” alimwambia Mwalimu Teunis. “Nchi ikikauka, lizibwe. Udongo umekwenda.”

Gorabi alisikia, akatutafsiria, na mara hii hakuongeza mzaha. Watu walishika majembe yao kwa namna nyingine. Nilianza kusali kwa sauti, lakini dada alinishika bega nikanyamaza. Alisogea mpaka ukingoni, akauvua mkoba shingoni, akauinua juu ili walioko mapaani wauone. Akamwambia Gorabi atafsiri neno kwa neno. Kisha akasema:

“Mimi ni Sarisi. Nasema mbele ya ndugu zangu walioko huku, na mbele yenu mlioko juu ya mapaa, na mbele ya Mungu mnayemsoma ghalani. Udongo alioukanyaga Kamanda akiahidi haukwenda. Huu hapa. Naahidi hautalowa, wala hautamwagika. Nikifa ataushika mwanangu, na mwanawe baada yake, na kila kiangazi tutakuja nao hapa, kwa miguu.”